Fundo la Ulimi na Mtoto wa Chuoni



Wiki hii nilikuwa nimewaahidi kuendelea na somo la mirathi. Nitaliweka kando hadi toleo lijalo, inshaallah, kwani tangu Mfungo Sita zimenifikia barua za kina mama wa kwetu wanaokaa mitaa ya Eastlands, Nairobi, na zote zauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtoto ambaye maneno hayamtoki, au yanamtoka yakiwa yamevunjika, afanyiwe nini, na dini yasemaje juu yake. Sitataja majina yao wala nyumba zao. Eastlands ni kubwa, lakini Waswahili wa Eastlands wanajuana.

Kwa msomaji aliye Lamu au Kwale ambaye hajafika huko, na aelewe kwamba si mtaa mmoja. Pumwani ilipopimwa viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, wazee wetu walijenga nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na jina la Majengo likabaki. Msikiti wa Riyadha wa Pumwani ungali mahali pa kukutania. Baadaye zikaja Kaloleni, Makongeni na Jericho, kisha Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, ghorofa juu ya ghorofa. Mtoto wa kwetu akizaliwa huko husikia Kimvita cha mamake, Kiamu cha bibi kwenye simu, Sheng ngazini, Kisomali dukani akivuka Eastleigh, Kiingereza shuleni na Kiarabu chuoni. Neno hili la lugha nyingi nitalirudia, maana wapo wanaolifanya kuwa kosa la mama.

Barua ya kwanza yatoka Majengo. Mama ana mwana wa miaka 9 aliyekwisha kuhifadhi juzuu mbili. Akisoma pamoja na wenzake, sauti yake hupanda na kushuka sawasawa na zao. Akiambiwa asome pekee yake, neno humkwama kwenye herufi ya kwanza, kope zikamtetema, shingo ikakaza. Maalim wake akahukumu kwamba mtoto ni mjanja. Hoja yake ndiyo hii: kama ulimi wake ni mgonjwa, mbona akisoma na wenzake haugui? Siku ya Maulidi mtoto akaondolewa katika safu ya wasomaji mbele ya watu, akaambiwa akagawe maji. Tangu hapo hataki kwenda chuoni, na usiku hukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameacha tangu ana miaka 4.

Hoja ya maalim yasikika kuwa na nguvu, lakini imekwenda kinyume na yanayojulikana juu ya kigugumizi. Mwenye kigugumizi akisoma pamoja na mwenzake kwa sauti moja, mara nyingi maneno humtoka bila kukwama. Akiimba, hali huwa ni hiyohiyo. Waliouchunguza usemi wameliona jambo hili kwa miaka mingi, nalo ni katika dalili za kigugumizi chenyewe. Kwa hiyo kile alichokiona maalim kuwa ni ushahidi wa ujanja, ndicho hasa ushahidi wa ukweli wa mtoto. Na tazameni neema iliyomo: chuo chetu cha jadi, ambamo watoto husoma kwa pamoja wakifuata mahadhi, ni mahali ambapo mtoto huyu angeweza kuonja ufasaha kila siku. Shule nyingi hazina nafasi hiyo. Sisi tunayo, nasi tumeigeuza kuwa mahali pa kumwaibishia.

Kigugumizi mara nyingi huanza mtoto akiwa baina ya miaka 2 na 5, wakati maneno yanapomzidi kasi. Katika kila watoto 100, watano hivi hupitia hali hiyo, na wengi wao huwaondokea. Katika watu wazima hubaki takriban mmoja kwa kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Huenda kwa nasaba pia. Ukichunguza utakuta ami au babu aliyekuwa nacho. Hakiletwi na kutekenywa, wala na kujitazama kiooni, wala na mama kushtuka akiwa mjamzito. Haya nimeyasikia kwa masikio yangu katika kumbi za arusi, yakisemwa na watu wazima wenye elimu zao.

Sasa tuje kwenye dini, maana mama huyu ameniuliza waziwazi: je, kusoma kwa mwanangu kunakubaliwa?

Katika hadithi iliyopokewa kwa Bibi Aisha (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa hodari wa kuisoma Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwamakwama huku ikimwia taabu ana ujira mara mbili. Kitenzi cha Kiarabu kilichomo katika riwaya ya Muslim, yatata'ta'u, mkilisikiliza tu mtasikia ulimi ukirudia mahali pamoja. Mafakihi nao hawakulisahau jambo hili. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomwa katika vyuo vya mwambao vizazi kwa vizazi, amewataja kwa majina yao anayerudiarudia herufi ya ta na anayerudiarudia herufi ya fa, akasema kuwa kumfuata yeye katika sala ni makruhu. Baadhi ya walimu hukomea hapo wakadhani wameshinda. Makruhu si batili. Sala nyuma yake inasihi. Na maneno hayo ni juu ya uimamu, wakati ambapo yupo mwingine wa kusimama. Hayamhusu mtoto anayesoma aya zake mbele ya maalim au kwenye hafla ya Maulidi. Ama mwenye kugeuza herufi kwa kushindwa, baada ya kujitahidi kujifunza, sala yake mwenyewe ni sahihi, wala Mola hamkalifishi asichokiweza.

Tena tunaye Nabii Musa (A.S.). Alipotumwa kwa Firauni, aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wamfahamu, akaomba na nduguye Harun awe msaidizi kwa kuwa ndiye fasaha zaidi. Firauni naye hakukosa kumkejeli kwamba hata kusema hawezi. Kila nikisikia mtu mzima akimwigiza mtoto mwenye kigugumizi ili watu wacheke, huikumbuka kejeli hiyo na aliyeisema.

Wapo wanaopenda kuwaliwaza wazazi kwa kisa cha Bilal (R.A.), kuwa eti alikuwa akiitamka shin kama sin katika adhana. Nia yao njema, lakini kisa hicho hakina asili, na wanazuoni wa hadithi wamekwisha kulibainisha hilo; Bilal alichaguliwa kwa uzuri na upana wa sauti yake. Mifano ya kweli ipo ya kutosha. Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 131 Hijria, alikuwa mkuu wa Muutazila, na itikadi yao si yetu. Ulimi wake haukuweza herufi ya ra, naye alikuwa msemaji mkubwa aliyejua kuepa kila neno lenye herufi hiyo. Al-Jahiz amemweleza katika Al-Bayan wa't-Tabyin, pamoja na maelezo marefu juu ya aina za kasoro za ulimi. Na Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu, aliandika risala nzima juu ya kithembe. Wazee hao waliliona jambo hili kuwa la kuchunguzwa kwa elimu zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Sisi bado tunatafuta nani alimroga mtoto.

Maalim wangu, ninakuomba haya kwa heshima ya kazi yako. Mtoto akikwama, mtazame usoni kwa utulivu na umngoje amalize. Usimmalizie neno. Usimwambie "pumua kwanza" wala "anza upya", kwani kila amri kama hiyo humwongezea hofu, na hofu humwongezea fundo. Anapotakiwa kusoma pekee yake, mwanzishie wewe, msome pamoja aya mbili tatu kwa mahadhi, kisha uiteremshe sauti yako polepole ukimwachia. Wenzake wakicheka, wakanye hao. Bakora haijapata kumfungulia mtoto ulimi, na hofu yake hubaki hata alama zikishapona.

Na tusichanganye mambo. Mtoto wa miaka 5 anayeitamka sin kwa kithembe, au ra yake bado laini, mara nyingi ni umri tu. Herufi hizo huchelewa kukaa sawa. Na mwenzake kutoka bara anayebadilishana ra na la, hiyo ni lafudhi ya lugha ya kwao. Watu wetu wa pwani wana ugonjwa wa kuwacheka wengine kwa lafudhi, na ugonjwa huo ndio unaohitaji dawa.

Barua ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Mama anakaa Umoja. Mwanawe ana miaka mitatu na nusu na hajasema neno ila "ma". Mamamkwe amekuja kutoka Mombasa na rai ya kumkata kilimi. Mume amekwisha kulipa kisomo kwa mtu mmoja mara tatu, kila mara pesa zikipanda, na sasa wakweze wanamwambia kwamba katika ukoo wao hakujapata kuzaliwa bubu, kwa hiyo mke ndiye aliyeyaleta. Yeye mwenyewe ameandika kuwa, akitoka kwenda sokoni, humwacha mtoto ndani na televisheni, ili majirani wa ngazini wasiulize.

Kilimi hakihusiani na kuchelewa kusema. Ni kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, na kukikata kwa wembe wa mganga huleta damu nyingi, usaha na pengine mauti. Utando ulio chini ya ulimi ni jambo jingine. Ukiwa umebana sana, daktari ataukagua na kuamua, wala huo nao si sababu ya mtoto kukosa maneno kabisa. Mama, mkatalie mamamkwe kwa adabu, lakini mkatalie.

Kabla ya yote, mtoto apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vyema atajifunza wapi maneno? Wapo wanaogeuka mlango ukibamizwa, wazazi wakaridhika kwamba wanasikia, kumbe sauti nyembamba za maneno hazimfikii. Na masikio yanayotoka usaha mara kwa mara, ambayo kwetu hutiliwa mafuta ya nazi vuguvugu na kusahauliwa, hupunguza usikivu katika miaka hiyohiyo ambayo ulimi unajengwa. Mafuta yasitiwe, usaha ni wa kupelekwa kwa daktari.

Mzazi apate wapi kipimo? Mtoto wa mwaka mmoja huwa anabwabwaja, anaitikia jina lake, anapunga mkono na kuashiria kwa kidole. Akifika miaka 2 huwa anaunga maneno mawili, kama "mama maji". Akifika 3, hata mgeni humwelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Anayechelewa kidogo asifanyiwe msiba, lakini wa miaka 2 asiye na maneno kabisa asingojwe kwa kuambiwa kwamba hata babake alichelewa. Na yule asiyeashiria, asiyegeuka akiitwa, asiyekutazama machoni, au aliyekuwa na maneno kisha yakampotea, huyo apelekwe mapema, maana huenda ni usonji, au ni masikio, au ni jambo jingine ambalo mtaalamu atalitenganisha. Wako pia watoto wanaosikia vizuri, wenye akili timamu, ambao lugha yenyewe ndiyo inayowawia ngumu; hukadiriwa kuwa 7 katika kila 100, na wengi wao shuleni huitwa wavivu.

Ama lugha nyingi, mama asitishwe. Kukua na lugha mbili, tatu au nne hakumletei mtoto ugonjwa wa usemi. Mwenye matatizo huwa nayo katika lugha zake zote. Nimesikia wazazi wakiambiwa waache Kiswahili nyumbani wabaki na Kiingereza kilichovunjika cha televisheni. Mtoto hujifunza kwa mtu anayezungumza naye kwa lugha anayoimiliki. Mama wa Kiamu aseme Kiamu. Televisheni nayo haisubiri jibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Najua chumba kimoja cha Kayole, mama akipika mahamri ya kuuza tangu alfajiri, hakina yaya mwingine. Basi mketishe karibu na karai, mahali ambapo mafuta hayamfikii, umwambie: unga, maji, sukari, moto. Ungoje. Akitoa sauti yoyote, umjibu kama aliyesema.

Na akikuashiria, usimnyime kitu kwa kumlazimisha aseme kwanza. Bibi Maryam, alipoulizwa na watu wake, alijibu kwa kumwashiria mtoto. Ishara ni usemi. Kumfundisha mtoto ishara au picha hakuzuii maneno yake kuja. Mara nyingi humsogeza karibu nayo, kwa kuwa amejua faida ya kufahamika.

Kisomo sikikatazi, nami ni msomaji. Msomee mwanao Fatiha na Muawwidhatayni kila usiku, wewe mwenyewe, bure, mkono wako ukiwa kifuani mwake. Ama mtu anayekutajia jini kwa jina na bei yake, kisha akakutaka umwache mtoto kwake, huyo mkimbie. Na kwa wakwe: anayemtupia mke lawama ya maumbile ya mtoto ajiulize anamlaumu nani, kwani aliyeumba anajulikana.

Mahali pa kwenda papo, ingawa safu ni ndefu. Kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kwa walio upande wa Umoja na Kayole, ndiyo hatua ya kwanza ya kuandikiwa barua ya rufaa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo. Viko vituo vya serikali vya kutathmini watoto kwa ajili ya shule, vilivyoanza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani hufanya tathmini pia. Mtoto akithibitishwa kuwa na ulemavu, anaweza kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wataalamu wa tiba ya usemi ni haba mno. Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichotangulia kuwafundisha katika Afrika Mashariki, mwaka 2008. Kwa hiyo ukimpata mmoja hata mara moja kwa miezi miwili, mwombe akufundishe wewe mama, na babake, yale ya kufanya nyumbani kila siku. Binti zetu wanaomaliza kidato cha nne na kuuliza wasomee nini, kazi ndiyo hii.

Na majina yaachwe. Suratul Hujurat imekataza kuitana kwa majina mabaya, na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kutoitwa kwa namna ya kumdunisha. "Bubu wa ghorofa ya tatu" si anwani.

Barua ya mwisho imeandikwa na dada mtu, kutoka Donholm. Nduguye ana miaka 19. Anasikia, anaelewa kila kitu, anashona na kupika, ila maneno yake hayafahamiki isipokuwa kwa waliomlea. Baba yao amefariki. Ami yao amempatia mchumba mwenye umri mkubwa, na binti alipoonyeshwa picha alitikisa kichwa, akaingia chumbani. Ami akasema: amenyamaza, na kimya cha bikira ndiyo idhini yake.

Hadithi hiyo ni sahihi, lakini isomwe yote. Bibi Aisha (R.A.) aliuliza kwa sababu bikira huona haya kusema, ndipo Mtume (S.A.W.) akajibu kuwa idhini yake ni kunyamaza kwake. Kimya hicho ni cha haya. Kimya cha asiyepewa ulimi hakielezi ridhaa wala chuki, na kwa huyu tunaiangalia ishara yake. Kanuni ya mafakihi ni kwamba ishara inayofahamika ya bubu ni kama tamko la msemaji. Kutikisa kichwa kumefahamika. Zaidi ya hayo, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, walii mwenye uwezo wa kumwoza bikira bila ya idhini yake ni baba na babu mzaa baba tu, tena kwa masharti. Ami hamo. Akimwoza bila ya ridhaa, ndoa hiyo haisihi.

Dada ameongeza kwa wino mwingine, kana kwamba alirudi kuandika baadaye, kwamba nduguye humwogopa mmoja wa watu wanaoingia nyumbani humo na hawezi kueleza kwa nini. Ninamwomba asilipuuze. Asiyeweza kusema ndiye anayewindwa kwanza, kwa kuwa mwovu hujua hatashtakiwa. Na kwenu wenye watoto wadogo wa hali hii, wafundisheni mapema ishara ya "sitaki", na ishara ya kila kiungo cha mwili, na ya kila mtu wa nyumbani; jambo likitokea, nambari 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto.

Kwa upande wa ndoa, dada ampeleke nduguye kwa Kadhi kabla ya tarehe iliyotajwa, waende na mama yao. Aombe binti aulizwe mwenyewe, kwa maswali ya ndiyo na la, polepole. Picha ya huyo mchumba waichukue. Na wakati wa kuulizwa dada asimame nyuma, mahali ambapo binti hamwoni, ili ami asije akasema kwamba jibu lilitoka kwake.